Somo la Sita: Kutunza Nywele Baada ya Fundo la Dansi

Kwa nini tunalizungumzia jambo hili

Mtoto anarudi nyumbani usiku baada ya maonyesho ya shule. Amecheza vizuri, wazazi wamepiga makofi, na kichwani mwake bado lipo lile fundo alilofungwa tangu saa nane mchana. Nywele zote zimevutwa nyuma, zimelazwa kwa jeli, zimeviringwa na kubanwa kwa vibanio kumi na kadhaa. Amechoka, anataka kulala. Mama naye amechoka, anasema, "Lala mwanangu, tutafumua asubuhi." Asubuhi jeli imekuwa ngumu kama gamba, vibanio vimejichimbia ndani ya fundo, na muda wa kwenda shule umekaribia. Kitana kinapitishwa kwa haraka, mtoto analia, na sakafuni panabaki rundo la nywele zilizokatika.

Usiku mmoja wa namna hiyo hauleti madhara makubwa. Lakini mtoto anayejifunza dansi hufungwa fundo mara mbili au tatu kwa wiki, mwaka baada ya mwaka. Ndipo mzazi anapogundua siku moja kwamba paji la uso la mwanawe limepanda, na kwamba juu ya masikio pamebaki malaika tu mahali palipokuwa na nywele. Hapo huanza safari ya madukani kutafuta mafuta ya kuotesha nywele, na fedha nyingi hutumika kwa bidhaa ambazo haziwezi kufanya kile zinachoahidi.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mlaji wa kawaida: mzazi, mlezi, mcheza dansi na yeyote anayefunga nywele zake kwa kubana sana. Tutaeleza fundo hufanya nini kwa nywele, namna ya kulifungua bila hasara, namna ya kurudisha nywele katika hali nzuri, dalili zinazopasa kukupeleka hospitali, na namna ya kununua bidhaa na huduma za nywele kwa busara.

Fundo hili lilitokea wapi

Fundo la dansi lilienea pamoja na mafunzo ya baleti, dansi iliyokulia katika majumba ya watawala wa Italia na Ufaransa. Walimu wanalidai kwa sababu za msingi. Shingo na mabega huonekana vizuri, nywele hazimpigi mchezaji usoni anapozunguka, wala hazimzibi macho anaporuka. Leo tunaliona pia kwa vikundi vya sarakasi, vikundi vya dansi za kisasa na wasindikizaji wa maharusi. Hatusemi kwamba fundo ni baya. Tunasema kwamba fundo ni vazi la kazi, na vazi la kazi huvuliwa kazi inapokwisha.

1. Fundo hufanya nini kwa nywele

Unywele una sehemu mbili. Mzizi umo ndani ya ngozi, nao u hai. Huko ndiko unywele unakotengenezwa. Sehemu ya nje tunayoiona na kuichana haina uhai. Imeundwa kwa protini iitwayo keratini, na imefunikwa kwa magamba madogo sana yaliyopangwa kama vigae vya paa. Magamba hayo yakilala, nywele hung'aa na kuteleza. Yakiinuka au kubanduka, nywele huwa kavu, hushikana na kukatika.

Fundo huzishambulia nywele kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni mvuto. Nywele za mbele, za juu ya masikio na za kisogoni ndizo zinazobeba uzito wa fundo, nazo ndizo nyembamba kuliko nyingine. Zikivutwa kwa saa nyingi, mara kwa mara, mizizi yake hudhoofika.

Njia ya pili ni msuguano. Mpira usiofunikwa kwa kitambaa, vibanio vilivyopoteza ncha zake laini na kitana chenye meno yaliyovunjika hukwangua yale magamba.

Njia ya tatu ni ukavu. Jeli na dawa za kupulizia hukauka na kuufunika unywele kwa utando mgumu. Ukiuchana utando huo ukiwa mkavu, unywele huvunjika pamoja nao.

Nywele za kipilipili huhitaji uangalifu zaidi. Mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayashuki kwa urahisi katika unywele uliojisokota, na kila pindo la unywele ni mahali unapoweza kukatikia. Nywele zilizowekwa dawa ya kulainisha ni dhaifu zaidi, kwa kuwa dawa hiyo huvunja viungo vya ndani vya unywele. Kuchanganya dawa na mvuto mkali wa kila wiki ni kuualika upara.

Mlaji akumbuke pia kwamba nywele hukua polepole. Kwa wastani hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, na za kipilipili huwa pungufu kidogo ya hapo. Unywele wa sentimita 10 uliokatikia karibu na ngozi utahitaji karibu mwaka mzima kurudi ulipokuwa, iwapo hautakatika tena njiani.

2. Utunzaji huanza kabla ya kufunga

Nywele zitakazofumuliwa salama ni zile zilizofungwa vizuri. Kwa hiyo tunashauri yafuatayo.

Usifunge fundo nywele zikiwa zimelowa chapachapa. Unywele uliolowa huvutika zaidi na hukatika kwa urahisi. Zikiwa na unyevu kidogo yatosha.

Paka kwanza kilainishi kisichosafishwa kwa maji, au mafuta kidogo sana, kisha jeli ya kiasi juu yake. Mafuta mengi yakikutana na jeli nyingi hutokeza chembe nyeupe ambazo watu huzidhania kuwa mba.

Tumia mpira uliofunikwa kwa kitambaa. Raba za kufungia noti na vifuko hazifai kwa nywele.

Hesabu vibanio unapoviweka. Ukiweka 14, ufumue 14. Kibanio kilichosahauliwa ndani ya nywele humchoma mtoto akilala na hukata nywele kitana kinapopita.

Mpime mchezaji kwa kumwambia ainue nyusi, atabasamu na ageuze shingo kulia na kushoto. Akisikia maumivu, au macho yakionekana kuvutwa, fundo limebana kupita kiasi. Lifungue ulifunge upya. Maumivu ni onyo kwamba mizizi inaumia, wala si ada ya urembo.

Kwa nywele zilizosukwa rasta, tahadhari iwe kubwa zaidi. Rasta ndefu zina uzito, na zikiviringwa juu ya kichwa uzito huo wote huangukia kwenye mstari wa mbele. Usizifunge fundo zikiwa bado mpya na zinauma. Vivyo hivyo kwa fundo la bandia: chagua lililo jepesi, nalo livaliwe siku ya maonyesho tu.

3. Kufungua fundo hatua kwa hatua

Fundo lifunguliwe siku hiyo hiyo, mara tu mazoezi au maonyesho yanapokwisha. Kazi hii huchukua dakika 15 hadi 20. Mzazi aliyechoka na afanye hatua nne za kwanza tu, kisha aiache kazi ya kuosha hadi siku inayofuata. Kulala na nywele zenye jeli ni afadhali kuliko kulala na fundo.

Kwanza, ondoa vibanio kimoja kimoja, ukivivuta kwa mwelekeo ule ule vilikoingilia. Usivute fundo zima kwa pamoja. Hesabu.

Pili, ondoa wavu, kisha fungua mpira kwa kuuzungusha taratibu. Ukiwa umekwama, ukate kwa mkasi mdogo. Mpira hununuliwa kwa fedha kidogo, nywele hazinunuliwi.

Tatu, usichane bado. Lowanisha nywele kwa maji ya uvuguvugu, kwa chupa ya kupulizia au kwa kiganja, hasa pale palipowekwa jeli. Subiri dakika chache jeli ilainike. Utaona utando mgumu unageuka kuwa utelezi.

Nne, tenganisha nywele kwa vidole, ukianzia nchani na kupanda kuelekea kwenye ngozi. Palipofungamana, paka kilainishi au mafuta ya nazi kidogo. Papasa pia ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, bila kukwaruza, ili damu izunguke na mtoto apate nafuu. Kama hutaosha usiku huo, suka mabutu makubwa yaliyolegea, kisha funga kichwa kwa kitambaa laini kama satini.

Tano, chana kwa kitana chenye meno mapana, tena ukianzia nchani. Mkono mmoja ushike nywele juu ya mahali unapochana, ili mvuto usifike kwenye mzizi.

Usishtuke ukiona nywele kadhaa kwenye kitana. Mtu hupoteza kwa kawaida nywele 50 hadi 100 kwa siku, na zile zilizodondoka tangu asubuhi zilikuwa zimeshikwa ndani ya fundo. Angalia namna zilivyo. Unywele uliong'oka wenyewe ni mrefu na una kijivimbe cheupe kidogo upande mmoja. Vipande vifupi visivyo na kijivimbe ni nywele zilizokatika, na hizo ndizo za kuhesabia hasara.

4. Kuosha na kulainisha

Si lazima kuosha kwa shampuu kila baada ya mazoezi. Shampuu ya kila siku huzikausha nywele, hasa za kipilipili. Mchezaji anayefunga fundo mara mbili kwa wiki anaweza kusuuza jeli kwa maji ya uvuguvugu na kilainishi baada ya kila zoezi, kisha akaosha kwa shampuu mara moja kwa wiki. Mwenye nywele nyembamba zenye mafuta mengi huhitaji shampuu mara nyingi zaidi.

Unapoosha, elekeza shampuu kwenye ngozi ya kichwa, na acha povu lishuke lenyewe kwenye nywele. Gawa nywele katika mafungu manne ili zisifungamane. Suuza mpaka maji yatoke safi. Kilainishi, kinyume chake, kipakwe zaidi katikati na nchani, mahali palipo pakavu na pakongwe kuliko pote.

Kausha kwa kubonyeza kwa taulo laini au fulana kuukuu ya pamba. Kusugua kwa taulo gumu huinua yale magamba tuliyoyataja. Baada ya hapo paka kilainishi kisichosafishwa nywele zikiwa bado na unyevu, na juu yake mafuta kidogo ya kuuzuia unyevu usitoroke. Mafuta peke yake juu ya nywele kavu hayaongezi maji; huzing'arisha tu.

Mlaji mmoja anaweza kuuliza: chembe nyeupe zikibaki baada ya kuosha, ni mba? Zikiondoka kwa maji na shampuu na zisirudi mpaka jeli ipakwe tena, zilikuwa mabaki ya jeli. Zikirudi bila jeli, pamoja na mwasho au wekundu, huenda ni mba au ugonjwa mwingine wa ngozi. Usinunue dawa ya mba kabla ya kujua tofauti hiyo.

5. Kuondoa alama ya fundo

Wengi wanalalamika kwamba nywele zikifumuliwa hubaki na mkunjo pale mpira ulipobana, au hulala upande mmoja na kukataa kutii. Sababu yake ni hii: maji hulegeza viungo vidogo vilivyomo ndani ya unywele, na unywele ukikauka viungo hivyo hujifunga upya katika umbo lililokuwapo. Nywele zilizofungwa zikiwa na unyevu zikakauka ndani ya fundo zimejifunza umbo la fundo.

Dawa yake, basi, ni maji yale yale. Lowanisha mahali penye mkunjo, paka kilainishi kidogo, nyoosha kwa vidole, kisha acha nywele zikauke katika umbo unalolitaka. Kwa nywele ndefu zilizonyooka, msuko mmoja uliolegea usiku hutoa mawimbi mazuri asubuhi. Kwa nywele za kipilipili, mabutu au misokoto mikubwa iliyofumuliwa ikishakauka hurudisha ujazo. Mvuke wa bafuni unaweza kutosha kwa mkunjo mdogo.

Usikimbilie pasi ya nywele. Moto juu ya mabaki ya jeli huunguza nywele na kuacha harufu mbaya. Ukilazimika kutumia moto, nywele ziwe safi na kavu, joto liwe la chini, na pasi ipite mara moja.

Kesho yake zipumzishe nywele. Ziache huru, au zifunge kwa kulegea chini kisogoni. Katika siku za mazoezi ya kawaida, badilisha mahali pa fundo: leo juu, siku nyingine katikati, siku nyingine chini. Mvuto ukihamahama, hakuna mstari mmoja wa nywele unaobeba mzigo wote.

6. Dalili za hatari

Kupotea kwa nywele kunakosababishwa na mvuto wa muda mrefu kuna hatua mbili. Katika hatua ya kwanza mizizi imeumia lakini ingali hai. Mvuto ukiondolewa, nywele huota tena. Katika hatua ya mwisho ngozi hupata kovu na mzizi hufa. Hapo hakuna mafuta, dawa ya dukani wala majani yanayoweza kuufufua. Kwa sababu hiyo tunamsihi mlaji atazame mapema.

Mara moja kwa mwezi, mketishe mtoto penye mwanga wa kutosha na kuangalia mstari wa paji la uso, juu ya masikio na kisogoni. Chukua tahadhari ukiona mambo haya:

- maumivu ya ngozi ya kichwa yanayodumu baada ya fundo kufunguliwa;
- vipele au usaha kwenye mashina ya nywele;
- nywele fupi nyingi zilizokatika kandokando ya paji;
- mstari wa nywele unaorudi nyuma, huku malaika wachache wakibaki mbele yake;
- ngozi iliyo laini na inayong'aa isiyoonyesha tena vitundu vya nywele.

Ukiona dalili yoyote kati ya nne za kwanza, acha fundo la kubana mara moja na umwone mganga katika kituo cha afya. Ukiona ya tano, omba rufaa kwa daktari wa ngozi bila kuchelewa. Hospitali kubwa za rufaa huwa na huduma hiyo, na mjini Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kipo kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi.

Mzazi asiogope kuzungumza na mwalimu wa dansi. Neno la heshima latosha: "Mwalimu, mwanangu ameanza kupata vipele kwenye paji. Tunaomba kwa mwezi huu afunge nywele chini na kwa kulegea, na siku ya maonyesho tutafunga kama wenzake." Mwalimu anayejali wachezaji wake ataelewa, kwa kuwa fundo la chini lililofungwa vizuri halimzuii mtoto kuzunguka.

7. Kununua kwa busara

Mchezaji huhitaji vitu vichache tu: shampuu isiyo kali, kilainishi, jeli, mafuta, mipira iliyofunikwa, vibanio na kitana chenye meno mapana. Kila kitu kinachozidi hapo kiulizwe swali: kinafanya nini ambacho hivi haviwezi kufanya?

Soma lebo kabla ya kulipa. Lebo halali hueleza jina la bidhaa, jina na anwani ya mtengenezaji, viambato, ujazo au uzito, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha muda, na maelekezo ya matumizi katika lugha unayoielewa. Nchini Tanzania udhibiti wa vipodozi, vikiwemo vya nywele, uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania tangu mwaka 2019. Bidhaa iliyomiminwa kwenye chupa isiyo na lebo usiinunue, hata ikisifiwa namna gani.

Katika orodha ya viambato, kile kilichotangulia ndicho kingi kuliko vingine. Jeli ambayo mwanzoni mwa orodha yake imetajwa alkoholi ya kukausha itazikausha nywele za mtoto anayeipaka kila wiki. Lakini si kila alkoholi ni mbaya: zile zenye asili ya mafuta, zinazotumika katika vilainishi, hulainisha.

Angalia pia alama ya kopo lililofunguliwa lenye tarakimu na herufi M. Alama ya 6M ina maana kwamba bidhaa itumike ndani ya miezi 6 tangu kufunguliwa. Alama hii yaweza kubadilisha hesabu yako ya bei. Tuchukue mfano. Kopo dogo la jeli lina gramu 250 na linauzwa shilingi 5,000. Kopo kubwa lina gramu 500 na linauzwa shilingi 8,500. Kwa kila gramu 100, dogo ni shilingi 2,000 na kubwa ni shilingi 1,700. Kubwa laonekana nafuu. Lakini ikiwa mwanao hutumia gramu 40 kwa mwezi, katika miezi 6 atatumia gramu 240 tu. Gramu 260 za kopo kubwa zitapitwa na muda, nawe utakuwa umelipa shilingi 3,500 za ziada bila faida. Familia yenye wachezaji wawili itapata faida kwenye kopo kubwa. Familia yenye mmoja inunue dogo.

Kabla ya kutumia bidhaa mpya, paka kidogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko na usubiri saa 24 hadi 48. Ukiona mwasho, wekundu au uvimbe, usiitumie. Dawa za kupulizia ziwekwe mbali na jiko na jua kali, kwa kuwa nyingi hushika moto haraka. Usimpulizie mtoto aliye karibu na mkaa au mshumaa.

Zitilie shaka ahadi za namna tatu. Ya kwanza ni "huotesha nywele kwa siku saba": tumekwisha kuona kasi ya kukua kwa nywele, nayo ni ya miezi. Ya pili ni "hulisha unywele": sehemu ya nje haina uhai, haili. Bidhaa yaweza kuilainisha na kuilinda, basi. Ya tatu ni "huunganisha ncha zilizopasuka": ncha iliyopasuka hugandishwa kwa muda tu, na suluhisho lake la kudumu ni mkasi.

8. Haki zako dukani na saluni

Mlaji ana haki ya usalama, haki ya kupewa taarifa sahihi, haki ya kuchagua, haki ya kusikilizwa na haki ya kupata fidia anapodhurika. Katika Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora au manufaa ya bidhaa na huduma.

Unapokwenda kwa msusi, kubalianeni bei kabla ya kazi kuanza, na uulize ni bidhaa gani zitakazotumika. Ikiwa anabana kupita kiasi, mwambie wakati huo huo: "Dada, inamuuma mtoto, naomba ulegeze." Umelipia kazi, wala hulipii maumivu. Msusi mwenye ujuzi ataweza kulaza nywele kwa maji na brashi laini bila kuzivuta.

Dai risiti kila ununuapo, uitunze pamoja na chupa au kopo. Bidhaa ikikudhuru, iache kutumika, piga picha ya sehemu iliyoathirika, andika tarehe na kiasi ulichotumia, kisha rudi kwa muuzaji. Usiposikilizwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani, au kwa Shirika la Viwango Tanzania ikiwa jambo linahusu usalama wa bidhaa. Asiyetunza risiti na chupa huwa na malalamiko bila ushahidi.

Tujikumbushe

Fundo lifunguliwe siku ile ile. Jeli ilainishwe kwa maji kabla ya kitana kugusa nywele. Mkunjo huondolewa kwa unyevu, si kwa moto. Maumivu ni onyo. Nywele zilizopotea mapema hurudi, zilizoachwa mpaka kovu hazirudi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini si vizuri kuchana jeli ikiwa kavu? (Kwa sababu utando wa jeli huvunjika pamoja na unywele ulioufunika.)
2. Utatofautishaje unywele uliong'oka na uliokatika? (Uliong'oka una kijivimbe cheupe upande mmoja, uliokatika hauna.)
3. Jeli ya gramu 300 yenye alama ya 6M itamfaa mtu anayetumia gramu 40 kwa mwezi? (Atatumia gramu 240, gramu 60 zitapotea. Atafute kopo dogo zaidi, kisha alinganishe bei.)
4. Mtoto ana vipele kwenye paji na maonyesho ni wiki ijayo. Utafanya nini? (Utalegeza nywele leo, utampeleka kituo cha afya na kuzungumza na mwalimu. Maonyesho mengine yatakuja.)

Tunamshauri kila mzazi asome sehemu ya tatu na ya sita pamoja na mtoto wake. Mtoto wa miaka minane anaweza kujifunza kuhesabu vibanio vyake mwenyewe, na anaweza kufundishwa kusema mapema, "Mama, linabana." Neno hilo likisikilizwa siku linaposemwa, nywele zake zitakuwapo atakapokuwa mtu mzima.